Yenye tabochaja au isiyo nayo: kuchagua injini ya gesi ya umeme na joto kiwandani

Mhandisi anayeanza kazi ya mitambo inayozalisha umeme na joto kwa pamoja hukabidhiwa mapema vijitabu viwili vya watengenezaji, kimoja cha injini inayovuta hewa kwa mwendo wa pistoni zake pekee na kingine cha injini yenye tabochaja, yaani kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia silinda hewa zaidi. Kwa kawaida hukimbilia kulinganisha ufanisi wa umeme, na kwa kipimo hicho tabochaja hushinda bila ubishi: injini isiyo nayo hugeuza takriban asilimia 30 hadi 33 ya nishati ya gesi kuwa umeme, ilhali yenye tabochaja na inayochoma mchanganyiko mwembamba wa gesi na hewa, yaani wenye hewa ya ziada, hufikia 38 hadi 42. Nakushauri uviweke vijitabu hivyo kando kwa siku chache za kwanza, uingie kiwandani ukapime joto linalotumika, usiku na mchana, siku za kazi na Jumapili, kwa sababu joto ndilo linaloamua.

Na joto si la aina moja. Kiwanda cha maziwa kinahitaji zaidi maji ya moto ya kuoshea vyombo, nacho kiwanda cha nguo kinataka mvuke wa kutia vitambaa rangi. Maji yanayopoza silinda hutoka na nyuzi 85 hadi 90 hivi katika injini zote mbili, kwa hiyo yanamfaa mtu wa maziwa, lakini mvuke wenye kanieneo inayofaa kazi ya kiwanda hupatikana kutoka kwenye ekzosi tu. Ekzosi ya injini isiyo na tabochaja, inayochoma gesi na hewa kwa uwiano kamili, yaani hewa inayotosha gesi bila ziada, huwa na nyuzi 600 hivi. Ya injini yenye tabochaja ni nyuzi 400 hadi 450, kwa kuwa tabini, gurudumu la tabochaja linalozungushwa na ekzosi, imekwisha kuchukua sehemu ya nishati na hewa ya ziada imeipunguzia moto.

Wengi huishia hapo na kusema tabochaja haifai kwa mvuke. Hesabu hiyo ni pungufu, maana hewa ya ziada nayo hubeba joto. Chukua gesi yenye nishati ya kilowati 1,000 ikiingia katika kila injini, kisha upoze ekzosi hadi nyuzi 180: ya kwanza itakupa kama kilowati 185, ya pili kama 165. Tofauti ni ndogo. Huwa kubwa pale unapoigawa kwa umeme, kwa sababu kwa kila kilowati 100 za umeme injini isiyo na tabochaja hutoa karibu kilowati 58 za joto la ekzosi, na yenye tabochaja karibu 41. Kwa hiyo kiwanda chenye njaa kubwa ya mvuke na haja ndogo ya umeme kinaweza kuhudumiwa vizuri na injini ya zamani ya kawaida. Lakini ikiwa joto hilo litaishia kwenye rejeta, unachoma gesi uliyoilipia kwa ajili ya kupasha hewa ya uani.

Mahali pa kusimika injini pana uzito ambao mgeni wa kazi hii huudharau. Nilishiriki kuwasha mtambo katika nyanda za juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, ukiwa na injini isiyo na tabochaja iliyoandikwa kilowati 300. Ilitoa 240 na haikupanda tena. Tulitumia siku nne tukibadilisha plagi na vichujio, ilhali injini haikuwa na ubovu wowote: kanieneo ya hewa katika mwinuko huo ni kama kilopaskali 81, badala ya 101 ya pwani, na silinda hujazwa kwa kadiri hiyo tu. Tabochaja ingefidia upungufu huo kwa sehemu kubwa, ingawa nayo ina kikomo ambacho mtengenezaji anapaswa kukiandika.

Pwani shida hugeuka. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Tanzania, iliyoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ni metani karibu tupu, na metani huvumilia mgandamizo mkubwa bila injini kugonga, yaani bila mchanganyiko kulipuka wenyewe silindani. Hilo ni neema kwa tabochaja. Hata hivyo mchanganyiko uliogandamizwa hutoka ukiwa wa moto na lazima upozwe kabla ya kuingia silindani, kwa maji ya nyuzi 40 hadi 50. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 33, rejeta iliyokadiriwa kwa ubahili hushindwa kuyafikisha hapo, injini huanza kugonga, na mfumo wake wa udhibiti hupunguza nguvu ili kujinusuru. Fedha za rejeta kubwa au mnara wa kupozea ziingie katika bei ya injini tangu mwanzo.

Kwa biogesi, sikiliza kwanza habari za salfa. Haidrojeni salfaidi huchakaza oili na kula shaba ya beringi na ya kipozeo, na huua katalisti, kichujio cha kikemikali cha ekzosi, ambayo injini ya uwiano kamili huitegemea kusafisha moshi. Hapo ubora wa kusafisha gesi unatangulia uchaguzi wowote wa injini.

Kama mtambo utafanya kazi bila gridi, orodhesha mota kubwa zinazowaka kwa mkupuo. Injini isiyo na tabochaja hupokea mzigo wa ghafla kwa wepesi zaidi. Yenye tabochaja husubiri tabini ishike kasi, hivyo mzigo hupandishwa hatua kwa hatua. Pia izimwe baada ya dakika chache za kuzunguka bila mzigo, na pampu ya oili iendelee kufanya kazi, la sivyo oili huungulia kwenye beringi za tabochaja ambazo bado zina moto.