Tomcat au WildFly? Jibu kutoka Masasi

Mkuu, umeuliza uchukue seva ipi ya kuendeshea programu za Java kati ya Tomcat, Jetty, WildFly na GlassFish, kwa programu itakayokaa kwenye Windows hapo ofisini Lindi na nakala nyingine kwenye seva ya Linux ya kukodi. Mimi naihudumia programu ya mizani ya chama kimoja cha msingi huku Masasi, huu msimu wa nne wa korosho, na hali yangu ilikuwa hiyohiyo.

Kwanza lichungulie faili lako la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) uone linadai nini. Kama ni servlet na JSP tu, yaani kurasa za wavuti za kawaida za Java, Tomcat inatosha. Jetty nayo nyepesi, hasa ukitaka kuipachika ndani ya programu yenyewe. WildFly (ile JBoss ya zamani) na GlassFish zinakuja na EJB, JMS (vipengele vya ziada vya mifumo mikubwa) na mengine mengi. Mimi nilianza na WildFly kwa kufuata sifa, kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4. Umeme ukikatika ukarudi, karani anakodolea kioo macho akisubiri WildFly iwake, na magunia yamepanga foleni hadi barabarani. Nikahamia Tomcat.

Toleo nalo liangalie. Kuanzia Tomcat 10, majina ya pakiti za Java yaliyoanza na javax yamekuwa jakarta, kwa hiyo programu ya zamani ukiitupia tu kwenye webapps (folda ya programu za Tomcat), inagoma. Ama ubaki na Tomcat 9, inayokubali hata Java 8, ama uiweke kwenye folda ya webapps-javaee, Tomcat 10 itaigeuza yenyewe.

Baada ya hapo kuhamisha WAR kutoka Windows kwenda Linux ni kunakili faili tu. Kilichonitesa ni uzembe wangu. Nilikuwa nimeandika nembo.png wakati faili linaitwa Nembo.png, Windows haijali, Linux ikatoa risiti bila nembo. Njia ya folda niliiandika C:\risiti ndani ya msimbo wa programu, na kwenye Linux ikafia hapohapo.

Kubwa kuliko yote ni saa. Seva ya kukodi ilikuwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu saa tatu. Mzee mmoja kapima saa moja na dakika 12 asubuhi, risiti ikatoka 04:12. Akairudisha: "Mwanangu, saa kumi alfajiri nani kanipimia? Mmeanza kangomba humu ndani?" Kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa magendo. Watu wakacheka, mimi jasho linanitoka. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye setenv.sh, faili la mipangilio ndani ya folda ya bin ya Tomcat:

CATALINA_OPTS="-Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam"

Kwa Windows, ukiwa umeisakinisha Tomcat kama huduma (service), setenv haisomwi. Fungua Tomcat9w, kidirisha cha mipangilio ya hiyo huduma, nenda kichupo cha Java, uandike humo hiyo -Duser.timezone.

Tuma hapa majina ya faili zilizomo WEB-INF/lib (folda ya maktaba ndani ya WAR) nikuangalizie kama kuna kinachodai WildFly.