Kisumu kwa Mpenda Sanaa: Anzia Makavazi Kabla ya Kwenda Ziwani

Mgeni akinijia Kisumu, mara nyingi hutaka kwenda ziwani moja kwa moja. Mimi humshauri aanzie Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, kwani mtu asiyejua jinsi boma la Mjaluo linavyopangwa atayapitia mengine yote kijuujuu. Uani mwa makavazi hayo kuna Ber-gi-dala, boma lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, la mzee mwenye wake watatu na mwana wa kwanza. Nyumba ya mikayi, yaani mke mkubwa, inatazamana na lango, ilhali simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, iko karibu na lango lenyewe. Mwombe mwelekezi mtembee taratibu, na umuulize sababu ya kila nyumba kuwekwa ilipowekwa.

Ukibahatika kumpata mpigaji wa nyatiti, keti karibu naye uitazame miguu yake. Ala hiyo ina nyuzi nane, na mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi huku pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu ikiigonga ala, hivi kwamba mtu mmoja huimba, hucharaza nyuzi na kushika mdundo kwa wakati mmoja. Mwanamuziki Mkenya Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha nyatiti mbali sana duniani, lakini kanda haikuonyeshi mguu ukifanya kazi.

Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, iende asubuhi. Tuktuk zitakufikisha kutoka mjini kwa muda mfupi, ila mpatane nauli kabla ya kupanda. Asubuhi ziwa huwa limetulia, wavuvi wanarudi na samaki, na ndege wa kwenye mafunjo wanasikika vizuri. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka, kwa hiyo usikubali kupanda mashua isiyo na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria.

Sanaa ya ufuoni hapo ninaipenda kuliko zote, kwa sababu imetokana na balaa. Gugumaji lililovamia ziwa na kuzuia mashua sasa hukatwa, hukaushwa juani na kusukwa vikapu, mikeka hata viti. Kabla ya kununua, kigeuze kikapu ukinuse chini na uibonyeze misuko kwa kidole. Shina la gugumaji limejaa maji, na lisipokauka barabara litaota ukungu nyumbani kwako. Kikapu kizuri ni kikavu, chepesi, na harufu yake ni ya nyasi. Kinunue kutoka kwa msusi mwenyewe inapowezekana, na usimpunje bei, maana kazi ya kukausha peke yake huchukua siku nyingi.

Hifadhi ya wanyama ya Impala, iliyo njiani kwenda Dunga, inafaa sana ukiwa na watoto. Hippo Point nenda jioni kwa ajili ya machweo, usitegemee kuwaona viboko.

Kit Mikayi, mwamba mrefu ulio kando ya barabara ya Bondo, utengee nusu siku na uvae viatu vya kupandia. Watu husali pale, wakiwemo wafuasi wa kanisa la Legio Maria, basi uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala saruji na kutambuliwa na UNESCO mwaka 2018, ziko mbali katika Kaunti ya Migori. Hizo zipangie safari yake.