Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kuuza, Anza na Maji Kabla ya Rangi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu kuiandaa nyumba kabla ya kuingiza wateja. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo lake liko kwenye nyumba nyingi za huko.

Shikamooni wataalamu. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Chini ya kuta za sebule na chumba kimoja plasta inavimba, rangi inabanduka na kuna unga mweupe. Fundi anasema tukwangue, tupige rangi ya mafuta mpaka usawa wa mita moja, halafu tuite wateja. Tunataka iuzike kabla mvua hazijaanza. Tumsikilize? — Msomaji, Uyole, Mbeya

Marahaba. Msimsikilize kwa hilo. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo vinavyonyonya maji kutoka ardhini, hasa kama msingi haukutandikwa karatasi ya nailoni kabla ya kupandisha ukuta. Maji yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka, chumvi iliyokuwamo inabaki na kuganda, na hiyo chumvi ndiyo inayosukuma plasta. Unga mweupe mnaouona ndio huo. Mkiziba hapo kwa rangi ya mafuta, maji yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, au rangi yenyewe itafanya malengelenge mteja akiwa bado anatafuta hela.

Kwanza hakikisheni maji yanatoka wapi. Chukueni kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, kibandikeni ukutani kwa solotepu pande zote nne, mkiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ukuta, unyevu unatoka kwenye tofali. Yakikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo ndani: baridi ya Juni na Julai watu wanafunga madirisha, jiko limo ndani, nguo mbichi zimo ndani, na mvuke ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji. Tatizo hilo linataka hewa, na saruji hailisaidii.

Kama ni tofali, kazi inaanzia nje. Udongo uliopanda mpaka kugusa plasta uchimbwe, ubaki chini ya usawa wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Mwageni zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90, liiname kutoka ukutani kwa sentimita 2 au 3. Bila gata, mvua ya Novemba mpaka Aprili inadondokea mguuni mwa ukuta na kuurushia matope mekundu. Fungeni gata, na bomba la kushusha maji lisiishie kwenye kona ya nyumba, liyapeleke maji mita 2 au zaidi mbali. Mafundi wengi wanairuka kazi hii kwa sababu haing'ai, lakini hii ndiyo inayopunguza unyevu kuliko chochote mtakachofanya ndani.

Ndani, bandueni plasta mpaka sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, hata kama ya hapo inaonekana nzima, maana chumvi imeshaingia. Sugueni tofali kwa brashi ya waya, kavu kavu. Msioshe, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani ya tofali. Acheni ukuta wazi wiki 4. Plasta mpya ichanganywe mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo 7 za lita 20 za mchanga uliochekechwa, usio na udongo, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye pakiti yake. Kwa unene wa sentimita 1.5, mfuko huo unafunika karibu mita 8 za mraba. Imwagilieni siku 7, kisha ikauke wiki 4, na kwa baridi ya Uyole ongezeni 2, ndipo skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na rangi ya maji zifuate. Upande wa nje pia msipake rangi ya mafuta. Ukuta uachiwe pa kupumulia. Mkianza mapema Juni, mtapaka rangi katika nusu ya pili ya Agosti.

Na mnunuzi aambiwe ukweli. Mtu wa huku akiingia ndani anapapasa ukuta chini ya dirisha kabla hajatazama makochi, na akikuta mkanda wa chini una rangi mbichi huku juu imepauka, ameshaelewa. Pigeni picha ukuta ukiwa umebanduliwa, tunzeni risiti za saruji na gata, mumwonyeshe. Zitamtuliza kuliko maneno ya dalali.

Dari langu la siling bodi lina madoa ya kahawia, na la jikoni limeingia weusi wa moshi. Nimepaka rangi nyeupe mara mbili, madoa yanarudi. — Msomaji, Kihesa, Iringa

Yanarudi kwa sababu rangi ya maji inaliyeyusha doa na kulivuta juu. Osha masizi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, acha pakauke kabisa, piga koti moja ya rangi nyeupe ya mafuta isiyong'aa juu ya madoa tu, ngoja siku nzima, kisha paka rangi ya maji dari lote. Ukipaka kiraka peke yake kitaonekana.

Ila kama doa ni la mvua, bati kwanza. Usitafute tundu juu ya doa moja kwa moja: maji yakishaingia yanafuata mbao na mteremko wa paa kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu mara nyingi liko juu zaidi, kuelekea kwenye kofia ya bati. Kagua misumari iliyonyanyuka na mipira yake iliyopasuka kwa jua. Msumari uliolegea ukiupiga nyundo tena kwenye tundu lile lile utalegea tena. Utoe, weka skrubu nene yenye mpira. Kupima wakati wa kiangazi, mmoja amwage maji kwa mpira akianzia chini kwenda juu, bati moja moja, mwingine awe darini na tochi. Akianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua yaliingilia wapi.

Kama weusi huo una vidotidoti na harufu ya uvundo, ni ukungu. Paka Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, iache dakika 15, futa, madirisha yakiwa wazi. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi inayodhuru mapafu.

Tumehamia Dodoma, nyumba imebaki tupu. Tukodi fanicha za kuipamba au iuzwe hivyo hivyo? — Wasomaji, Makambako

Msikodi za nyumba nzima. Chumba kitupu mtu hajui kitanda chake kitaenea au la, kwa hiyo vyumba viwili vinatosha kupangwa: chumba kikubwa kiwe na kitanda kimoja kilichotandikwa shuka za rangi moja, na sebule iwe na makochi na meza ndogo. Kabati kubwa la vyombo libaki huko huko Dodoma. Njia ya kupita kati ya kiti na ukuta iwe sentimita 75 au zaidi. Picha za harusi na kalenda ziondoke ukutani, na misumari yake ing'olewe, matundu yazibwe. Mapazia yawe mepesi, kwa sababu siku za mawingu sebule ya Makambako inahitaji mwanga wote inaoupata.

Kinachoiharibu nyumba tupu ni harufu. Choo na matundu ya maji ya sakafuni yana kona inayoshika maji ili kuzuia hewa ya shimo isirudi ndani. Bila kutumika, maji hayo yanakauka na nyumba nzima inanuka, mteja anadhani shimo limejaa. Jirani mnayemwamini amwage lita 2 kila tundu mara moja kwa wiki, na afungue madirisha mchana kwa muda wa saa mbili au tatu. Siku ya mteja, LUKU iwe na yuniti na balbu zote ziwake. Sakafu nyekundu ipigwe polishi siku mbili kabla, si asubuhi ile, isije ikamchafua mtu soksi.

Picha za kumpa dalali zipigwe asubuhi, mapazia wazi, simu ikiwa imelala, mpigaji akisimama kwenye kona ya mlango na kuishika usawa wa kifua. Asielekeze dirishani, chumba kitatoka cheusi. Aanze na geti na barabara, maana watu huuliza kama gari linafika wakati wa mvua.

Sebule ya mita 5 kwa 4, kuta za mita 3, inataka rangi kiasi gani? — Msomaji, Njombe

Mzunguko ni mita 18, mara 3 ni mita 54 za mraba. Toa kama 6 za mlango na madirisha, zinabaki 48. Koti mbili ni 96. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba kwenye ukuta uliopigwa skimu, hivyo lita 10. Ukuta mkavu wa plasta isiyo na skimu unakunywa zaidi, hesabu mita 6 au 7 kwa lita. Ukinunua ndoo ya lita 20, inayobaki paka korido na chumba cha mbele. Rangi ya maziwa ndiyo tunayoipendelea kwa Njombe. Nyeupe tupu kwenye mwanga wa baridi inaonekana ya kijivu.

Nyumba ni ya marehemu baba, mimi ndiye mkubwa, ndugu zangu wameridhia. Dalali ana mteja. Naweza kusaini? — Msomaji, Tukuyu

Bado. Ukubwa wa kuzaliwa haukupi mamlaka hayo. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Peleka kwanza muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo mahakamani. Kama mama yupo na nyumba ilikuwa yake na baba, ashirikishwe kwenye uamuzi tangu mwanzo, kwa maandishi. Hata kwa wanandoa walio hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Wakati shauri linaendelea, weka kwenye faili moja hati au barua ya toleo, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na bili ya mwisho ya maji. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, kwa hiyo angalia kama mita ina deni ulilipe. Mteja asikulipe hata arubuni kabla barua ya usimamizi haijatoka.