Una laki nne na unataka kutengeneza filamu ya mazombi? Soma hapa kwanza

Kijana mmoja wa Dodoma aliniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo dada. Nina laki nne, simu yenye kamera nzuri na wenzangu saba. Tunataka kutengeneza filamu ya mazombi kama zile za Wazungu, jiji zima limevamiwa. Tuanzie wapi?" Nilimjibu kwa ufupi siku hiyo hiyo. Lakini tangu filamu yetu ya msukule, yaani mfu anayefufuliwa kwa uchawi na kufanyishwa kazi, ianze kuzunguka napata maswali ya namna hii kila mara, na yanastahili jibu refu.

Jibu lenyewe ni hili: achana na jiji zima. Tengeneza filamu ya nyumba moja.

Hata hao Wazungu ndivyo walivyoanza. Mwaka 1967, karibu na mji wa Pittsburgh, Marekani, kikundi kilichozoea kupiga matangazo ya biashara kiliamua kutengeneza filamu yake chenyewe. Watu kumi walianza kwa kuchanga dola 600 kila mmoja. Mwongozaji alikuwa George Romero, kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini. Hadi inakamilika ilikuwa imekula kama dola 114,000, pesa ndogo mno kwa Marekani. Ndiyo hiyo *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968, mama wa mazombi wote unaowaona leo.

Itazame tena, safari hii kwa jicho la mtu anayehesabu gharama. Kuna nyumba moja ya shamba, na nyumba hiyo ilikuwa inangojea kubomolewa, kwa hiyo walikuwa huru kupigilia mbao madirishani na kuharibu watakavyo. Ndani yake kuna watu wachache wanaogombana. Mazombi ni wenyeji waliopakwa usoni, wanaokokota miguu. Picha haina rangi, kwa hiyo damu ilikuwa sharubati ya chokoleti na hakuna aliyeshtukia. Na nchi nzima inayoangamia? Karibu yote tunaisikia redioni na kuiona kwenye televisheni ya sebuleni. Sauti ya mtangazaji imefanya kazi ya jeshi zima. Kila ninapofika kwenye sini zile za matangazo nasimamisha filamu na kurudia, maana hapo ndipo penye shule.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Mjomba wangu ana pagale huko Mlandizi. Alisimamisha kuta, akaezeka nusu, pesa ikakata. Hadithi niliiandika nikiwa nimeketi ndani ya pagale lile, si kinyume chake. Mwanamke amefiwa na mume, amehamia kwenye nyumba ambayo mume hakuimaliza, na kila usiku anasikia jembe likilima shambani. Asubuhi anakuta matuta mapya. Ndugu wa mume wanamwambia ni ndoto za kilio. Msukule wetu haonekani mpaka dakika za mwisho kabisa, na hata hapo tunamwona mgongo na mikono. Tulichohitaji ni jembe, udongo mkavu na sauti iliyorekodiwa vizuri. Taarifa ya habari ya redioni, inayowaasa wakazi wa bonde lile wasitoke usiku, aliisoma rafiki yangu mwenye sauti nzito, chini ya blanketi, chumbani kwake.

Wakati wa kupiga, baadhi ya wenzangu walilalamika. Walitaka meno, walitaka damu, walitaka watu waliwe mbele ya kamera. Nilikataa, na sioni sababu ya kuficha fahari yangu. Siku tuliyoionyesha Mbagala kwa projekta, shuka imetandazwa ukutani, mama mmoja mtu mzima aliniomba nimsindikize hadi mlangoni kwake kwa sababu alisikia mtu analima nyuma ya nyumba. Hakuna mekapu ya kununua inayoweza kukupa kitu hicho.

Andika kwa ulichonacho. Nitairudia sentensi hii mpaka mnichoke.

Japani yupo mwongozaji Shinichiro Ueda. Mwaka 2017, kwa takribani yen milioni 3 na waigizaji wasiojulikana waliotoka kwenye warsha ya uigizaji, alitengeneza *One Cut of the Dead*. Kikundi cha filamu za bei nafuu kinapiga filamu ya mazombi, na dakika 37 za mwanzo ni teki moja tu, kamera haizimwi. Unapoitazama utaona mambo yasiyokaa sawa: mtu ananyamaza pasipotarajiwa, mwingine anapiga kelele kupita kiasi. Usiizime. Sikwambii kwa nini, endelea tu mpaka mwisho. Ilianzia kwenye kumbi chache ndogo za Tokyo na ikaishia kuingiza zaidi ya yen bilioni 3. Ueda hakuuficha umaskini wa filamu yake, aliufanya ndiyo hadithi.

Mtu atanitajia *Colin*, ile ya Uingereza ya mwaka 2008 ambayo mwongozaji wake, Marc Price, anasema ilimgharimu paundi 45, na mwaka uliofuata ilikuwa Cannes, kwenye tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, inatafutiwa wanunuzi. Ninaipenda. Inamfuata kijana mmoja aliyegeuka zombi, tunatembea naye, na wazo hilo peke yake lina thamani kuliko taa za milioni kumi. Lakini hiyo paundi 45 imewapoteza wengi. Ni bei ya vitu vidogo kama chai na biskuti. Kamera ilikuwepo tayari, na watu waliokuja kupakwa mekapu na kutambaa barabarani walikuja bure, wengi wakiwa wameitwa mtandaoni. Kazi ya watu haikuhesabiwa. Ukija Manzese kumwambia kijana wa kijiweni atambae kwenye mtaro usiku kucha kwa biskuti, atakuja siku ya kwanza. Ya pili hayupo, na sura yake iko kwenye nusu ya sini zako.

Kwa hiyo katika laki nne zako, nusu ni chakula na nauli. Wali maharage ya moto saa sita usiku itakupa zombi mwenye moyo. Sehemu kubwa ya kinachobaki nunua maiki. Simu yako inaona vizuri lakini haisikii vizuri, na hofu inaingilia masikioni. Ukisikia bodaboda inakatiza katikati ya teki, usipandishe hasira; acha ipite, au iandike kwenye hadithi. Sisi ile bodaboda ya mbali tuliifanya ya shemeji anayekuja kumtisha mjane, na sasa watu wanasema ndiyo sehemu inayowasumbua zaidi.

Kuhusu damu, kwa kuwa mnauliza sana: chokoleti ilifaa kwa sababu picha haikuwa na rangi. Kwenye simu yako itaonekana tope. Chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, weka rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo sana ili wekundu ushuke uwe wa damu kweli. Jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, kwa mwongozaji Nabwana I.G.G., hutia maji yenye rangi ndani ya kondomu na kuipasulia chini ya shati la mwigizaji, na risasi inaonekana imeingia. Zamani walitumia damu ya ng'ombe. Wewe usiiguse, inaleta ugonjwa. Filamu zao zinajulikana kwa mapigano, si kwa mazombi, ila kwa mtu mwenye mfuko mwepesi hakuna chuo kilicho karibu kuliko kile.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kwa nini kila skripti ninayotumiwa ina mtu mwenye koti jeusi na meno marefu, anaitwa Victor, anaishi kasri? Kasri lipo Kahama? Sisi tumelelewa na hadithi za mumiani, wanyonya damu wa kwetu. Bibi zetu walikatazwa kupita karibu na vituo vya zimamoto enzi za mkoloni, kwa sababu ilisemekana watu wanaingizwa mle na kunyonywa damu. Wanyonya damu hao Nairobi waliitwa wazimamoto, Kampala bazimyomwoto, na kwingine ni chinjachinja. Hebu fikiria gari jekundu lililosimama gizani, taa zimezimwa, na mtoto aliyetumwa chumvi. Ukishakuwa na hilo, Victor wa nini? Mwongozaji wetu wa Tanzania, Mussa Banzi, aliliona hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitupa *Nsyuka* na kisha *Shumileta*, jini mwanamke, zikapigwa kwa kamera za video na kutazamwa kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mitaani ya kuonyeshea video. Unaweza kuzikosoa picha zake utakavyo, lakini watu walitishika kwa lugha yao.

Hazina hiyo ina miiba, na hapa sitanii na mtu. Katika nchi hii wamekufa vikongwe kwa kusingiziwa uchawi eti kwa sababu wana macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Wamepigwa wageni kwa uvumi wa mumiani. Ukimweka bibi mwenye macho mekundu kama mchawi ndani ya filamu yako, ukaionyesha kijijini Ijumaa, hujui Jumamosi nani atagongewa mlango. Mimi katika filamu yangu waliomfanya mtu msukule ni ndugu wenye suti nzuri waliotaka shamba. Wadogo zangu, tafuteni uovu mahali ulipo kweli. Mwenye nguvu ndiye anayemlimisha mfu. Msiwatwishe wanyonge mzigo huo kwa ajili ya kutisha watu dakika mbili, na msiniambie ni sanaa tu. Mwenye kamera ana wajibu kama mwenye panga.

Neno kuhusu haki zako. Filamu ya Romero ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka, maandishi ya hakimiliki yaliachwa nje ya nakala, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Kila mtu aliiuza, na fungu kubwa la pesa hawakuliona walioitengeneza. *Nosferatu* ya Wajerumani, ya mwaka 1922, iliponea chupuchupu: kampuni ilichukua hadithi ya mnyonya damu *Dracula* bila ruhusa, mjane wa mwandishi wake, Bram Stoker, akashitaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunayo leo kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimeshasambaa.

Mimi nilimpelekea nakala msambazaji mmoja wa Kariakoo, jina nalihifadhi. Alitazama dakika chache, akauliza, "Mapenzi yako wapi?" Akasema ya kutisha haina soko, niiache aitazame vizuri. Miezi kadhaa baadaye niliiona inauzwa stendi, juu yake picha ya mazombi ya Kizungu yaliyotolewa mtandaoni, jina langu halipo. Niliinunua. Nilimpa yule muuzaji pesa ya filamu yangu mwenyewe, na naandika haya bado kifua kinanibana. Filamu isiyo na soko haigongwi nakala.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu hata sekunde moja: nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili, kibali chukua Bodi ya Filamu, weka jina lako ndani ya picha yenyewe na si kwenye kasha tu, na kila mwigizaji asaini karatasi hata kama ni binamu yako. Kenya wenzetu wana yao ya hakimiliki, KECOBO. Nakala ya kumwonyesha mtu iwe na maandishi yanayokatiza katikati ya kioo. Akikwambia yanamsumbua macho, kunja vitu vyako uondoke.

Kijana wa Dodoma amenijibu kwamba babu yake ana ghala la mahindi lisilotumika, lenye mlango mmoja. Nimemwambia asinitumie skripti mpaka alale humo usiku mmoja na wenzake, wasikilize. Sisi skripti ya mumiani imekamilika na gari jekundu limepatikana. Tunaanza kupiga masika yakiisha, maana upande ule wa pagale uliobaki bila bati unaloa.