"Ya" ya panya na "ya" ya macho

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Redioni nimesikia kuwa wanasayansi wanatafuta "chanjo ya mishipa". Mwenzangu anashikilia iwe "chanjo dhidi ya mishipa", kwa kuwa chanjo hupinga. Nani kapatia?

JIBU: Pole kwa mwenzako, amekosea kuliko redio. Mishipa hatuipigi vita. Bila hiyo hatuishi.

Hila iko kwenye "ya". Ukiomba dawa ya panya dukani, unataka panya afe. Ukiomba dawa ya macho, hutaki macho yafe. Hiyo "ya", yaani a-unganifu, ni ile ile. Nomino inayofuata ndiyo inayoamua maana. Sasa "chanjo" imezoea upande wa panya: chanjo ya surua, ya polio na, tangu ilipozinduliwa Homa Bay mwaka 2019, chanjo ya malaria. Ukitamka "chanjo ya", sikio linangoja jina la adui. Likiletewa mishipa, linakwazika.

Isitoshe, "mshipa" ni neno pana mno. Ni njia ya damu. Ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Kwa wazee wengi ni ngiri. (Ile "dawa ya mishipa" inayonadiwa kwenye steji za matatu usiifafanue darasani.) Watafiti wanazungumzia ateri, mishipa itoayo damu moyoni. Vena, zinazoirudisha, hazimo. Katika kuta za ateri hujikusanya lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta ya mwilini), jina lile lile la risasi anayoyeyusha fundi wa redio kuunganisha nyaya. Seli za kinga huivamia, ukuta ukafura, njia ikawa nyembamba. Hapo hata kitenzi "kuchanja" kinapata kazi ngeni: baadhi ya watafiti hawataki kuuchochea mwili upigane, wanataka kuufunza utulie. Wengine wanalenga kuipunguza lehemu yenyewe.

Mimi ningeandika "chanjo ya ugonjwa wa ateri", au kwa watoto, "chanjo ya kuzuia ateri kuziba". "Dhidi ya ugonjwa wa ateri" si kosa, ila ni Kiswahili cha taarifa ya habari. Mama aliyetoka kliniki hasemi mtoto kapata chanjo dhidi ya surua. Na kwa kuwa bado inatafutwa, andika "inayotafutwa".

Mwanafunzi akikuandikia "chanjo ya mishipa" kwenye insha, usimkate alama. Muulize tu: mishipa ipi?