Tukihamia Njoro, mzee apunguze dawa ya presha?

SWALI: Hujambo daktari. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, nastaafu mwakani nikifika 60. Mzee wangu ako na presha tangu 2015, anameza amlodipini na losartani. Tumepata ploti karibu na chuo kikuu kule Njoro na tumepapenda, mji ni mdogo, kuna vijana, kuna laibrari, alafu kuna baridi. Shemeji yangu alihamia huko na anasema hewa ya mlima inashusha presha, yeye aliwacha dawa na siku ya tatu akapima akapata 128 kwa 82. Sasa mzee apunguze ama aendelee? Na maji ya visima vya huko wanasema ni safi kabisa, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, ploti nunueni, dawa mzee asiguse.

Hiyo siku ya tatu ndio inanikasirisha, kwa sababu naisikia kila kliniki, na kila mtu anaisema kama amegundua kitu. Amlodipini haitoki mwilini kama chai. Inachukua kati ya saa 30 na 50 kupungua nusu, na kwa wazee inaweza kukawia zaidi, kwa hivyo mtu akiwacha Jumatatu, Alhamisi bado iko ndani inafanya kazi. Shemeji alipima dawa yake ya juzi akaipigia makofi hewa ya Njoro. Angepima tena wiki mbili baadaye tungeongea mambo mengine, lakini huwa hawapimi tena, wameshapona, watapima nini?

Na hiyo baridi mnayoisifu, kwa presha inafanya kinyume. Kisumu mko kama mita 1,130 juu ya bahari, Njoro ni kama 2,200, mnapanda zaidi ya kilomita nzima. Siku moja mwezi wa saba amka saa kumi na mbili asubuhi ufue nguo na maji ya tangi uone vidole vitakavyokufa ganzi. Hiyo ni mishipa ya damu imejikaza ili joto lisitoke, na mishipa ikijikaza moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda. Hewa nayo ni nyepesi, kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko ya Kisumu, kwa hivyo wiki za kwanza moyo unakimbia kidogo mpaka mwili uzoee. Sikutishi, wazee wenye presha wamejaa Njoro na wanaishi vizuri tu, lakini wanaishi vizuri wakimeza dawa. Kustaafu kwenyewe kunaweza kusaidia, usingizi mzuri, kutembea, hakuna kusahihisha mitihani usiku, hilo nakubali. Lakini ni la kupima, sio la kukisia.

Kuna mzee mmoja aliletwa kwangu na mwanawe, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauinuki, presha 214 kwa 122. Kwa koti alikuwa na karatasi ya vidonge, viwili tu ndio vimetolewa, tarehe ya kliniki ilikuwa ya miezi saba nyuma, na mfuko mwingine ulikuwa na chupa ya soda imejaa maji ya kahawia, amefunga na nailoni. Aliuziwa sokoni, akaambiwa inaosha damu na mishipa, na akaambiwa asichanganye na dawa za hospitali zisije zikaharibu kazi. Hilo sharti ndilo linaua watu. Muuzaji hajui kuna nini ndani ya hiyo chupa, mgonjwa hajui, mimi nikiulizwa nimpe nini cha kuzuia madhara pia sijui, alafu presha yenyewe haiumi, haina kelele, mtu anajisikia kijana mpaka asubuhi anashindwa kushika kikombe. Presha, sukari, kifafa, zote wanaziuzia chupa hiyo hiyo, leo inaitwa ya damu, kesho ya figo. Ukisikia mtu anatibu magonjwa manane na maji ya rangi moja, shika pochi yako uende.

Maji sasa. Safi kwa macho, ndio, lakini upande wa Nakuru visima virefu vingi vina floraidi nyingi, hayo meno ya kahawia unayoona kwa watu waliokulia huku yanatoka hapo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua kwa sufuria floraidi inabaki pale pale. Wekeni mabati na tangi la mvua, na ya kisima pelekeni maabara kabla ya kunywa, hasa kama wajukuu watakuwa wanakuja likizo.

Jiko la makaa lisilale na nyinyi chumbani hata baridi ikiwa vipi. Mkirudi Kisumu Krismasi mlale kwa neti, mtu akikaa miaka mahali hakuna mbu wa malaria kinga yake inashuka, na ile malaria mliyokuwa mnaizoea inawaangusha kitandani. Na msihesabu zahanati ya chuo eti ni hospitali, mambo makubwa ni Nakuru, tafuteni mapema mtu wa gari anayeshika simu usiku.

Kuhusu mzee, nunueni mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, sio ile ya kifundo cha mkono. Apime asubuhi na jioni wiki mbili kabla ya kuhama na mwezi mzima baada ya kufika, amekaa kwanza dakika tano, na aandike kwa daftari. Nambari ya juu ikishuka chini ya 110 na anaona kizunguzungu akisimama, leteni daftari mbio, hapo ndio nitapunguza, na nitapunguza mimi, sio shemeji.