Rezista Ikae Upande wa Kihisi: Kwa Fundi Anayeanza

Mwenzangu unayeanza kazi ya kufunga ving'ora vya majumbani, kabla hujashika bisibisi naomba ulishike jambo moja: rezista ya mwisho wa zoni, yaani kipande kidogo chenye ukinzani maalumu ambao paneli huusoma ili kujua njia ya waya ya kihisi (zoni) iko salama, hufungwa ndani ya kihisi cha kuvunjika kwa kioo, wala si ndani ya paneli, lile sanduku linaloongoza king'ora. Utawakuta mafundi wengi wanaifunga kwenye paneli kwa sababu hawahitaji kupanda ngazi, na siku ya majaribio king'ora hulia vizuri tu.

Nami nilifanya hivyo mwanzoni. Katika sebule moja niliyokwisha kuikabidhi, seremala alibadilisha fremu ya dirisha, na msumari wake ukatoboa kebo, waya mbili za zoni zikapiga shoti. Paneli iliendelea kuisoma rezista iliyokuwa ndani yake yenyewe na taa ya kijani ikawaka kama kawaida, ilhali kihisi hakikuwa na njia ya kupeleka habari yoyote. Niligundua miezi kadhaa baadaye nilipokwenda kukagua, na bado inaniuma kwamba familia ile ililala muda wote huo ikiamini inalindwa. Rezista ingekuwa upande wa kihisi, shoti ile ingeshusha ukinzani hadi karibu na sifuri, na paneli ingetoa taarifa papo hapo.

Kebo ya waya nne inatosha. Waya mbili huchukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye paneli, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mbili zilizobaki ni za zoni, nazo hupita kwenye rilei ya kihisi (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), ile njia inayokaa imefunga wakati wa utulivu, zikiwa zimeungwa mfululizo na rezista. Thamani yake isome kwenye mwongozo wa paneli, kwa maana paneli moja hutaka omu 5,600 na nyingine 2,200 au 1,000. Kabla ya kufunga waya za zoni kwenye paneli, washa kihisi kwanza, kwani rilei za vihisi vingi hazifungi bila umeme, kisha pima ncha hizo mbili kwa multimita: ukipata thamani ya rezista, endelea, ukipata sifuri au njia iliyokatika, tafuta kosa kwanza.

Kihisi hiki husikiliza kishindo kizito cha kioo kinapopigwa, kisha mlio mkali wa vipande, kwa kawaida ndani ya mita 7 hivi. Kifunge darini au kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, mbali na jikoni. Kwa kuwa hakijali mwendo wa watu, zoni yake inaweza kubaki macho wenye nyumba wakiwa ndani.

Unapojaribu, funga mapazia yote, maana pazia zito humeza sauti, kisha simama na kifaa cha kuigiza mlio wa kioo kwenye dirisha lililo mbali kuliko yote.